Amana Iliyouzwa: Mashamba ya Wajapani wa Bonde la Fraser

Kuanzia miaka ya mwanzo ya karne ya 20 hadi mwaka 1942, sehemu kubwa ya stroberi na rasiberi za Bonde la Fraser, kusini-magharibi mwa jimbo la British Columbia nchini Kanada, ilitoka katika mashamba ya familia zenye asili ya Japani. Yalikuwa mashamba madogo, mengi yakiwa ya ekari chache tu, yaliyofyekwa kwa mkono katika ardhi iliyojaa visiki. Mwaka 1942 serikali ya Kanada iliziondoa familia hizo kwa nguvu na kuyachukua mashamba kwa ahadi ya kuyatunza. Mwaka uliofuata iliyauza bila ridhaa ya wenyewe. Waliporuhusiwa kurejea, Aprili 1949, hawakuwa na pa kurejea, kwa kuwa hati za mashamba zilikuwa na majina ya watu wengine.

Kutoka Japani hadi bondeni

Mjapani wa kwanza anayetajwa katika kumbukumbu za uhamiaji wa Kanada ni Manzo Nagano, aliyefika British Columbia mwaka 1877. Waliomfuata walitoka zaidi katika mikoa ya Wakayama, Shiga, Hiroshima na Kumamoto, mahali ambapo vijiji vilikuwa na watu wengi na ardhi haba. Tangu mwaka 1873 serikali ya Meiji ilidai kodi ya ardhi kwa fedha taslimu badala ya mpunga, na wakulima wengi wadogo walizama katika madeni. Kijana asiye na fungu katika urithi wa baba yake aliona afadhali kuvuka Bahari ya Pasifiki akatafute fedha, kisha arudi kununua shamba nyumbani. Wengi hawakurudi. Walivua samoni kwenye mdomo wa Mto Fraser, wakakata magogo, wakafanya kazi katika viwanda vya mbao, migodini na kwenye njia za reli.

Katika jimbo hilo walikuta milango mingi imefungwa. Sheria ya mwaka 1895 iliwanyima Wajapani haki ya kupiga kura, hata waliozaliwa Kanada au waliopewa uraia. Tomekichi Homma, mhamiaji aliyekuwa raia, aliipinga mahakamani, lakini mwaka 1902 Baraza la Faragha mjini London, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya dola ya Uingereza, liliipa serikali ya jimbo ushindi. Athari zake hazikuishia kwenye sanduku la kura. Asiyekuwamo katika orodha ya wapiga kura hakuweza kuwa wakili wala mfamasia, wala kupata kazi nyingi za serikali. Septemba 1907 kundi la Wazungu liliyavamia mitaa ya Wachina na Wajapani mjini Vancouver na kuvunja madirisha ya maduka. Mwaka 1908 Japani ilikubali kupunguza wanaume vibarua waliokwenda Kanada hadi 400 kwa mwaka. Katika miaka ya 1920 serikali ilipunguza kwa makusudi leseni za uvuvi za Wajapani, na mamia ya wavuvi wakapoteza riziki.

Mlango mmoja ulibaki wazi. Tofauti na California, ambayo mwaka 1913 iliwakataza wahamiaji wa Asia kumiliki ardhi ya kilimo, British Columbia haikuwazuia Wajapani kununua mashamba. Mvuvi aliyenyimwa leseni na kibarua aliyechoka kulipwa ujira mdogo kuliko Mzungu wa kazi ileile wote waligeukia ardhi.

Kilimo cha visikini

Walowezi wa kwanza wa Kijapani katika kilimo cha bonde hilo walijikita Haney, mashariki ya Vancouver, kuanzia mwaka 1906 hivi. Baadaye walienea hadi Hammond, Pitt Meadows, Mission, Mount Lehman na Surrey. Ardhi waliyoweza kuinunua ilikuwa ile iliyoachwa na kampuni za mbao baada ya miti mikubwa kukatwa. Bei yake ilikuwa nafuu kwa sababu kuilima kulikuwa taabu tupu. Visiki vya mierezi, vingine vipana kuliko meza ya kulia chakula, vilishika udongo kwa mizizi mirefu. Vililipuliwa kwa baruti, vikang'olewa kwa farasi na minyororo, kisha mabaki yakachomwa moto.

Stroberi iliwafaa kwa sababu mbili. Inahitaji mikono mingi kuliko ardhi nyingi, na inaanza kuzaa mapema, hivyo mkulima aliweza kupanda miche katikati ya visiki ambavyo hajaving'oa bado na kupata fedha za kufyeka kipande kinachofuata. Rasiberi ilifuata pale ardhi ilipokwisha kusafishwa. Katika miaka ya mwanzo mume alishinda katika kiwanda cha mbao huku mke akilima, mara nyingi akiwa na mtoto mgongoni. Wanawake wengi walikuja kwa ndoa zilizopangwa na jamaa kwa kubadilishana picha, na wapo waliomwona mume kwa mara ya kwanza bandarini. Mavuno yalipoanza mwezi Juni familia nzima iliingia shambani alfajiri, na watoto waliofunga shule walichuma pamoja na wazazi.

Kuuza matunda kulikuwa na matatizo yake. Stroberi huoza upesi, na mkulima mmoja mmoja hakuwa na nguvu ya kubishana bei na mfanyabiashara wa mjini. Mazao yalipoongezeka bei zilianguka, na wakulima Wazungu wakawalaumu Wajapani. Jibu lilikuwa vyama vya ushirika. Yasutaro Yamaga, aliyehamia Haney mwaka 1908, alikuwa miongoni mwa waliohimiza wakulima kuuza pamoja, kupanga ubora wa matunda na kushirikiana na majirani Wazungu badala ya kushindana nao. Vyama hivyo vilijenga kumbi ambazo zilitumika kwa mikutano, harusi na masomo ya lugha ya Kijapani baada ya saa za shule ya serikali.

Kufikia sensa ya mwaka 1941, watu wenye asili ya Japani nchini Kanada walikuwa takriban 23,000, na karibu 22,000 kati yao waliishi British Columbia. Robo tatu hivi walikuwa raia, ama kwa kuzaliwa ama kwa kuandikishwa. Familia nyingi bondeni zilikuwa zimemaliza kulipa deni la ardhi, zimejenga nyumba ya mbao yenye bafu la moto la Kijapani, na zina watoto waliozungumza Kiingereza vizuri kuliko lugha ya wazazi wao.

Vita na amri za kuondoka

Tarehe 7 Desemba 1941 Japani ilishambulia Pearl Harbor, na Kanada ikatangaza vita dhidi yake siku hiyohiyo. Ndani ya muda mfupi serikali ilishika takriban boti 1,200 za wavuvi, ikafunga shule za lugha na kusimamisha magazeti ya Kijapani. Siku ya Krismasi Hong Kong ilianguka, na askari wa Kanada wapatao 2,000 waliokuwa wakiilinda waliuawa au kutekwa. Habari hizo ziliwapa nguvu wanasiasa wa British Columbia ambao kwa miaka mingi walikuwa wakitaka Wajapani waondolewe. Aliyesikika zaidi ni Ian Mackenzie, mbunge wa Vancouver na waziri katika serikali ya Waziri Mkuu William Lyon Mackenzie King.

Wakuu wa usalama hawakuuona ulazima huo. Meja Jenerali Maurice Pope wa makao makuu ya jeshi na uongozi wa polisi wa taifa waliieleza serikali kwamba watu hao hawakuwa tishio. Hakuna Mkanada hata mmoja mwenye asili ya Japani aliyeshtakiwa kwa hujuma au usaliti wakati wa vita, na Mackenzie King mwenyewe alikiri jambo hilo bungeni Agosti 1944. Hata hivyo baraza lake la mawaziri lilifuata sauti ya wapiga kura wa jimbo. Wajapani hawakuwa na kura.

Hatua zilipandishwa daraja kwa daraja. Januari 1942 ilitolewa amri ya kuwaondoa wanaume raia wa Japani wenye umri wa kufanya kazi kutoka ukanda wa maili 100, yaani kilomita 160 hivi, toka pwani. Tarehe 24 Februari, kwa mamlaka ya Sheria ya Hatua za Vita ya mwaka 1914, baraza la mawaziri lilimpa Waziri wa Sheria uwezo wa kumwondoa mtu yeyote katika ukanda huo, na uwezo huo ukatumika kwa kila mwenye damu ya Kijapani, awe mgeni au raia, mzee au mtoto mchanga. Magari, redio na kamera vilichukuliwa, na usiku hakuna aliyeruhusiwa kutoka nje. Tarehe 4 Machi iliundwa Tume ya Usalama ya British Columbia kusimamia uhamisho wenyewe. Watu wapatao 22,000 walihusika, na wa mwisho waliondoka pwani kabla ya Novemba 1942.

Watu wa visiwani na wa pwani ya kaskazini walikusanywa kwanza Hastings Park, uwanja wa maonyesho wa Vancouver. Wanawake na watoto walilazwa katika mabanda ya mifugo na kutenganishwa kwa mablanketi yaliyotundikwa. Zaidi ya watu 8,000 walipitia hapo. Familia nyingi za bonde ziliondoka moja kwa moja kutoka vituo vya treni vya karibu na mashamba yao. Kila mtu mzima aliruhusiwa mzigo wa pauni 150, sawa na kilo 68, na mtoto nusu yake. Jembe, cherehani, vyombo vya sherehe na madhabahu ya nyumbani vilifungiwa katika chumba kimoja au kuachwa kwa jirani. Familia zilizosafirishwa katika majira ya kuchipua ziliacha stroberi zikiwa zimechanua, zikikaribia kuvunwa.

Kabidhi wa Mali za Adui

Amri ya Machi 1942 ilisema pia kwamba mali zote ambazo wahamishwaji hawangeweza kuchukua ziwekwe mikononi mwa Kabidhi wa Mali za Adui, na ikaeleza kuwa hatua hiyo ni ya kuzilinda tu. Kila kichwa cha familia alijaza fomu ya kuorodhesha ardhi, majengo, mifugo, zana, samani na madeni. Maofisa waliwaambia watu kwamba vita vikiisha watakuta vitu vyao. Wengi walijaza fomu kwa uaminifu, wakaandika hata idadi ya miche na urefu wa uzio.

Ofisi ya namna hiyo haikuwa ngeni katika milki za Uingereza. Tanganyika iliifahamu: baada ya Vita Kuu ya Kwanza mashamba ya walowezi wa Kijerumani yalitwaliwa kama mali za adui na kuuzwa, na baada ya vita kuzuka tena mwaka 1939 mashamba ya Wajerumani yaliwekwa chini ya Kabidhi kwa mara nyingine. Lakini Wajerumani hao walikuwa raia wa nchi iliyokuwa vitani na Uingereza. Wakulima wa Fraser, kwa sehemu kubwa, walikuwa raia wa nchi ileile iliyochukua mali zao. Sheria iliyotungwa kwa ajili ya adui wa nje ilitumika dhidi ya raia kwa kigezo cha nasaba peke yake.

Ulinzi ulioahidiwa ulikuwa hafifu tangu mwanzo. Ofisi ya Kabidhi mjini Vancouver ilikuwa na maelfu ya majalada na wafanyakazi wachache. Mashamba yalikodishwa kwa muda mfupi kwa watu ambao hawakuwa na sababu ya kupogoa rasiberi wala kupalilia stroberi za mwaka ujao. Nyumba zilivunjwa na vilivyomo kuibwa, kumbi za jumuiya vilevile. Uharibifu huo ukageuzwa kuwa hoja: mali inaoza, basi heri iuzwe kabla haijapoteza thamani yote.

Jinsi mashamba yalivyouzwa

Kwa upande wa mashamba, hoja ya uharibifu ilikuja baadaye. Mpango wa kuyanunua ulikwisha kuanza. Serikali ilikuwa ikiandaa sheria ya kuwapa ardhi askari watakaorudi kutoka vitani, na Ian Mackenzie alikuwa miongoni mwa wasukumaji wake wakuu. Mashamba ya Bonde la Fraser, yaliyokwisha kufyekwa na kuwa karibu na Vancouver, yalifaa sana. Juni 1942, wakati treni za wahamishwaji zingali zikisafiri, amri nyingine ya baraza la mawaziri ilimpa Gordon Murchison, mkurugenzi wa Bodi ya Makazi ya Askari, mamlaka ya kuyathamini mashamba ya Wajapani. Wathamini walipita bondeni wenye mashamba wakiwa hawapo. Walithamini ardhi kwa jicho la mnunuzi, nao walikuwa watumishi wa bodi iliyotaka kununua.

Kikwazo cha kisheria kiliondolewa tarehe 19 Januari 1943. Amri ya siku hiyo ilisema kuwa mamlaka ya Kabidhi ya kutunza mali yanajumuisha mamlaka ya kuiuza, bila kuhitaji idhini ya mwenyewe. Kamati za ushauri ziliundwa, moja ya mali za mijini na moja ya vijijini chini ya Jaji David Whiteside. Yamaga aliteuliwa katika kamati ya vijijini, lakini sauti ya mjumbe mmoja haikuweza kubadilisha uamuzi uliokwisha kupangwa. Katikati ya mwaka 1943 Kabidhi aliridhia kumuuzia mkurugenzi wa ardhi za askari mashamba 769 kwa jumla ya dola 850,000. Wastani ni kama dola 1,100 kwa shamba, pamoja na nyumba, ghala na miaka ya kung'oa visiki. Serikali ilikuwa mtunzaji, mthamini, muuzaji na mnunuzi kwa wakati mmoja.

Mali nyingine zilifuata. Nyumba na maduka ya Vancouver yaliuzwa kwa zabuni, na vitu vya ndani vikapelekwa mnadani. Wanasesere wa sherehe za wasichana, piano, nyavu na vyungu vya kupikia wali viliuzwa kwa senti. Kila mauzo yalikatwa ada ya dalali, gharama za kuhifadhi, usafirishaji na kodi zilizobaki. Kilichosalia kiliwekwa katika akaunti ya mwenye mali, lakini hakuweza kukichukua chote apendapo. Aliyekuwa kambini na ana fedha kwenye akaunti hiyo alitakiwa kuitumia kujikimu kabla hajapewa msaada wa serikali. Kwa hiyo familia nyingi ziligharimia kizuizi chao kwa bei ya shamba lao.

Nchini Marekani hali ilikuwa tofauti katika jambo hili. Huko watu wapatao 120,000 wenye asili ya Japani waliondolewa kwa amri ya Rais Franklin Roosevelt ya Februari 1942, na wengi walipoteza mali kwa kuuza haraka kwa bei ya kutupa au kwa kushindwa kulipa kodi. Lakini serikali yao haikuuza kwa jumla mali za waliohamishwa, nao walianza kuruhusiwa kurudi pwani Januari 1945. Wa Kanada walisubiri miaka minne zaidi.

Mashamba ya wengine

Wahamishwaji karibu 12,000 walipelekwa katika vijiji vya ndani ya British Columbia. Kaslo, Greenwood, New Denver na Sandon ilikuwa miji ya migodi iliyokuwa imekaribia kuhamwa. Lemon Creek na Tashme zilijengwa kuanzia mwanzo. Vibanda vya mbao mbichi vyenye upana wa mita nne na urefu wa mita nane na nusu vilikaliwa na familia mbili mbili, jikoni pakiwa pa pamoja. Majira ya baridi ya mwaka wa kwanza, mbao zilipokauka na kuacha nyufa, barafu iliganda ukutani upande wa ndani. Serikali ilitoa elimu ya msingi pekee, nayo ilifundishwa zaidi na wasichana waliomaliza sekondari mwaka uliotangulia. Masomo ya sekondari yaliachiwa makanisa.

Wakulima wengi wa bonde walichagua njia nyingine. Wanaume wapatao 2,000 walipelekwa katika kambi za kujenga barabara, mbali na wake na watoto wao, na waliokataa kutengana na familia walifungwa kambi ya wafungwa wa vita huko Angler, Ontario. Njia iliyokuwa wazi zaidi ya kuiweka familia pamoja ilikuwa kwenda kulima viazisukari katika majimbo ya Alberta na Manitoba, ambako vijana waliingia jeshini na wenye mashamba walikosa vibarua. Karibu watu 4,000 walikubali.

Kazi yenyewe iliinamisha mgongo. Majira ya kuchipua miche ilipunguzwa kwa jembe fupi, kiangazi ilipaliliwa, na Oktoba kila mzizi ulinyanyuliwa na kukatwa majani kwa kisu chenye ndoano kabla udongo haujaganda. Malipo yalihesabiwa kwa ekari na hayakutosha miezi sita ya baridi. Familia zililala katika maghala ya nafaka na mabanda ya kuku yaliyosafishwa, zikanywa maji ya mifereji ya umwagiliaji, na mji wa Lethbridge ukawakataza kuishi ndani ya mipaka yake. Mtu aliyekuwa na shamba lake, ghala lake na hisa katika chama cha ushirika aligeuka kibarua wa kupimiwa mistari katika shamba la mwingine. Hundi ya Kabidhi ilimfikia akiwa katika hali hiyo.

Barua, mahakama na tume

Habari za mauzo zilipofika kambini, watu waliandika. Mamia ya barua za malalamiko zilitumwa Ottawa na katika ofisi ya Kabidhi, nyingine kwa Kiingereza cha shule cha binti au mwana wa nyumba. Waandishi walieleza kwamba hawakuomba kuuza, kwamba bei haikufikia hata gharama ya jengo, kwamba waliahidiwa mali yao itatunzwa. Wapo walioeleza historia ya kila ekari. Ahadi ni deni, na walidai deni hilo kwa lugha ya heshima na kwa kuitaja sheria. Majibu yaliyorudi yalikuwa mafupi na ya kufanana.

Kesi moja ilionyesha kinaya kilichokuwa ndani ya mpango wote. Zennosuke Inouye alipigana Ufaransa katika jeshi la Kanada wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na kujeruhiwa. Aliporudi alipata ardhi ya visiki Surrey kupitia Bodi ya Makazi ya Askari, akaifanya shamba la matunda. Mwaka 1943 bodi iliyompa ardhi kwa kuwa alikuwa askari ndiyo iliyoinunua kwa jina la askari wengine. Aliandika barua kwa miaka kadhaa, hadi kwa Waziri Mkuu. Shamba lake lilirudishwa, na ni hilo pekee.

Watu watatu waliochaguliwa kuwakilisha wenye mali walifungua kesi katika Mahakama ya Hazina kuzuia mauzo. Ilisikilizwa Mei 1944 na Jaji Joseph Thorson, lakini hukumu ikatolewa Agosti 1947, wakati karibu kila kitu kimekwisha kuuzwa. Jaji alisema kuwa Kabidhi hakuwa sehemu ya Serikali ya Mfalme kwa maana ya sheria, hivyo Serikali haikuweza kushtakiwa kwa matendo yake.

Mwaka huohuo serikali iliunda Tume ya Kifalme chini ya Jaji Henry Bird kuchunguza hasara. Hadidu zake za rejea zilikuwa finyu. Ilikagua tu iwapo mali iliuzwa chini ya bei ya soko au ilipotea kwa uzembe wa Kabidhi. Mapato yaliyopotea, miaka ya masomo, biashara iliyovunjika na thamani ambayo ardhi ingefikia havikuhesabiwa. Hata kwa kipimo hicho kidogo Bird aliona kuwa mashamba yaliyouzwa kwa mpango wa askari yalipunjwa, akapendekeza wenyewe waongezwe asilimia 80 ya bei waliyolipwa. Kwa madai yote tume ilipendekeza kama dola milioni 1.2 mwaka 1950, na waliolipwa waliwajibika kukatwa gharama za mawakili wao.

Baada ya vita

Majira ya kuchipua ya mwaka 1945, vita vikielekea mwisho, serikali iliwataka waliokuwa kambini kuchagua: wahamie mashariki ya Milima ya Rocky au watie sahihi ya kwenda Japani. Mauzo ya mashamba yalikuwa yamewafungia njia ya tatu. Asiye na ardhi wala nyumba pwani hakuwa na hoja ya kurudi huko. Karibu watu 4,000 walisafirishwa kwenda Japani mwaka 1946, zaidi ya nusu yao wakiwa wazaliwa wa Kanada, wakaingia katika nchi iliyoungua kwa mabomu na yenye njaa. Makanisa, vyama vya wafanyakazi na watetezi wa haki walipinga, na Januari 1947 serikali iliachana na mpango huo. Vizuizi vyote viliondolewa tarehe 1 Aprili 1949, pamoja na kizuizi cha kupiga kura.

Wachache walirudi bondeni na kuanza upya wakiwa vibarua au wapangaji. Wengine walibaki Alberta, ambako baadhi yao walinunua mashamba ya viazisukari baada ya miaka ya kuweka akiba, au walikaa Toronto na miji mingine ya mashariki. Jumuiya za Haney, Mission na Surrey, zenye kumbi na vyama vyao, hazikujengeka tena.

Kwa miongo miwili na zaidi wazee walinyamaza. Watoto na wajukuu ndio waliofungua majalada ya serikali yalipoanza kuachiwa, na kitabu cha Ann Gomer Sunahara cha mwaka 1981 kilionyesha kutokana na nyaraka hizo kwamba siasa, si usalama, ndiyo iliyoongoza maamuzi. Wakati huo Kanada ilikuwa imejijengea jina la kimbilio: mwaka 1972 ilipokea maelfu ya Waasia waliofukuzwa Uganda na Idi Amin, ambao mali zao nazo ziliwekwa chini ya bodi ya makabidhi. Deni lake lenyewe la mwaka 1943 lilikuwa bado halijalipwa. Mwaka 1986 kampuni ya uhasibu ya Price Waterhouse ilikadiria kuwa jumuiya ilipoteza mali na kipato cha dola milioni 443 kwa thamani ya mwaka huo.

Tarehe 22 Septemba 1988 Waziri Mkuu Brian Mulroney aliomba radhi bungeni na kutia sahihi mapatano na chama cha kitaifa cha Wakanada wenye asili ya Japani kilichoongozwa na Art Miki. Kila aliyekuwa hai kati ya walioathirika alilipwa dola 21,000, na fedha zikatengwa kwa ajili ya jumuiya na kwa taasisi ya kupambana na ubaguzi. Mwaka huohuo Sheria ya Hatua za Vita ilifutwa na mahali pake pakachukuliwa na sheria ya dharura inayolifanya bunge kuwa msimamizi wa hatua za serikali. Malipo ya mwaka 1988 yalikuwa sawa kwa wote, aliyepoteza shamba na aliyepoteza kazi ya kibarua, na waliofariki kabla ya hapo hawakupata kitu. Mashamba yenyewe hayakuwamo katika mapatano. Yalichukuliwa kama amana, yakauzwa kama nyara, na sheria ya nchi ilitumika katika kila hatua.